Je, tununue seva kwa ajili ya simuleta ya ndege?

SWALI: Assalamu alaykum. Sisi ni vijana sita wa Wete tunaochora majengo na njia za Unguja na Pemba ili ziingie katika FlightGear, simuleta ya ndege ya programu huria. Kompyuta yetu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 hukwama kila tunapoijenga programu hiyo kutoka kwenye msimbo wake, yaani kuyageuza maandishi ya waandishi wake kuwa programu inayoendeshwa. Jamaa yetu aliyeko Muscat ameahidi kutuchangia. Je, tununue seva? Na je, yafaa kupokea fedha kwa kitu kinachotolewa bure?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam. Seva msinunue. Katika barua yenu mmechanganya kazi mbili, na ile inayoikwamisha kompyuta siyo mliyoikusudia. Anayechora jengo la abiria au kurekebisha ukingo wa pwani hana haja ya kuijenga FlightGear. Toleo lililokwisha kujengwa hupakuliwa bure, na michoro yake huionea humo humo. Mkilazimika kuijenga, tazameni kompyuta inashughulikia vipande vingapi vya msimbo kwa pamoja, kwani vikiwa vinane, kila kimoja hudai kumbukumbu yake kwa wakati uleule na gigabaiti 8 hazitoshi. Vipunguzeni viwe viwili. Kazi itakwenda polepole, lakini itafika mwisho.

Ama kuhusu mahali pa kuhifadhi, faili za ardhi hupangwa kwa miraba ya digrii moja, na visiwa vyetu vimo katika mitatu tu, yote baina ya longitudo 39 na 40 mashariki: wa kusini una Mji Mkongwe na uwanja wa ndege wa Unguja, wa kati una Nungwi na sehemu kubwa ya Pemba, na wa kaskazini unaishika ncha ya Pemba hadi Ras Kigomasha. Mzigo huo hubebwa na diski ya nje. Nunueni mbili, moja ilale nyumba nyengine.

Penye kazi hasa ni data. Vimo vya ardhi vinavyotumiwa sana hutokana na rada ya chombo cha anga cha Endeavour, kilichoipima dunia kwa siku 11 mwezi wa Februari 2000, na rada ile, ilipokuta miti iliyosongamana, mara nyingi ilirudi kabla ya kufika chini. Basi msishangae vilima vya mikarafuu vikionekana virefu kuliko mnavyovijua kwa miguu yenu. Zipo pia picha za droni za mradi wa ramani ulioanza mwaka 2016, ambao Kamisheni ya Ardhi na SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, walishiriki. Someni masharti yake kabla ya kuzitumia, na msichore juu ya picha za setilaiti za makampuni bila idhini, kwani kazi yenu yote yaweza kukataliwa.

Kupokea fedha kunafaa. Leseni ya GPL, ambayo FlightGear hutolewa chini yake, inaruhusu hata kuuza nakala, ilimradi anayepewa programu aweze kuupata na msimbo wake. Mwaka 2002 watu walichanga euro 100,000 kwa wiki saba ili msimbo wa Blender, programu ya kuchora vitu vya pande tatu, uwe huria, na naamini walifaulu kwa sababu kila mchangiaji alijua fedha inanunua nini na itaishia wapi. Seva haina mwisho wa namna hiyo: hudai umeme na intaneti kila mwezi, hata mfadhili akishasahau, na sisi tuliokaa kizani Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 tunajua umeme si wa kutegemewa hivyo. Mwombeni jamaa yenu diski mbili, betri ya akiba na bando la mwaka mmoja. Fedha ziingie katika akaunti ya jumuiya iliyosajiliwa, yenye watia saini wawili.

Lakini kabla ya kumwandikia, malizieni jengo la uwanja wa Pemba na mliwasilishe kwa wasimamizi wa mandhari ya FlightGear, ambao wakilikubali hulisambaza kwa watumiaji wote kupitia seva zao. Hapo jamaa yenu ataweza kutua Pemba akiwa kwake Muscat, na barua yenu ataisoma akiwa amekwisha kuiona kazi.