Baba hataki nyimbo za kidunia ukumbini

SWALI: Shikamoo Anko. Naolewa Julai, sherehe itakuwa kwenye ukumbi mmoja hapa Mbeya. Baba ni mzee wa kanisa, Moravian, kule Tukuyu, na kasema hataki kusikia nyimbo za kidunia. Mchumba wangu ni Mhehe wa Mafinga. Kwao ni watu wa rumba na zilipendwa. Kamati nayo inataka singeli tangu tunaingia mlangoni. DJ kaniomba orodha. Nimeandika nyimbo 60, na kila anayeishika karatasi anafuta za mwenzake. Nifanyeje?
Bibi harusi mtarajiwa, Uyole

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Hiyo karatasi ichane. Miaka yote niliyokaa nyuma ya mashine sikuwahi kuisoma orodha ya namna hiyo kupita mstari wa kumi. Chukua ratiba ya MC, kisha chagua wimbo wa yale matukio tu ambayo ukumbi mzima unawatazama ninyi: kuingia, keki, kufungua muziki. Kwingine mwachie DJ kazi yake.

Kuingia ndiko kunakoumbua. Nilipokuwa kijana niliharibu harusi ya watu pale Mwanjelwa. Wimbo niliopewa ulikuwa wa dakika 3 na nusu. Wasimamizi wakaja kwa madaha, hatua mbili mbele, moja nyuma, na maharusi hawajafika hata katikati, wimbo ukaisha. Kompyuta ikajiendea kwenye uliofuata: singeli, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Bibi harusi akasimama kama aliyekanyaga msumari. Mama mmoja wa meza ya mbele alisonya, nikamsikia juu ya spika. Kwa hiyo wiki moja kabla nendeni ukumbini, jifunge kanga iburuze nyuma kama mkia wa gauni, mtembee mwendo wenu huku mtu ameshika saa. Mkitumia dakika 7, DJ aandae muziki wa dakika 9. Kuufifisha ni rahisi. Kuurefusha papo kwa papo ni jasho.

Sasa baba. Kamuulize kwa utaratibu anakusudia nini, maana mara nyingi mzee akisema nyimbo za kidunia anaogopa maneno na viuno, hagombani na gitaa. Mpe kuingia na keki ziwe za injili. Halafu zawadi za upande wenu ziongozwe na matarumbeta. Wamoravian wapo Rungwe tangu 1891, na tarumbeta ni mali yao. Sijui mzee gani wa Tukuyu atabaki kitini zikilia. Tena hazitegemei umeme, na umeme ukumbini unajua tabia yake.

Wakweo wapewe muda wa chakula. Rumba ya taratibu, sauti chini, watu wasikie wanachoongea. Ila keti usikilize maneno. Zilipendwa nyingi tamu ni vilio vya mtu aliyeachwa, na nimeshaona keki ikikatwa huku mwimbaji analaani ndoa yake. Zamu yao ya zawadi ikifika, DJ azime kabisa. Shangazi wa Kihehe wakija na nyimbo zao hawahitaji spika, na wakichanganyiwa na muziki wa mashine watakasirika. Waulize mapema kama wamejiandaa.

Singeli ipo, kamati isinune. Julai baridi ya Mbeya huijui? Wazee wakishakula wanaanza kutafuta makoti. MC awaage kwa heshima, wasindikizwe hadi kwenye magari, ndipo muziki uanze na kwaito, ile ya kupanga mistari, kwa sababu hata mama mdogo anazijua hatua zake na watu wanapata joto. Singeli ifuate hapo. Mkianza nayo saa mbili usiku, saa nne vijana wamechoka na ukumbi mmelipia mpaka saa sita.

Mpe DJ nusu karatasi: nyimbo zako za matukio, majina yameandikwa sawasawa, na chini yake zile msizotaka kabisa zipigwe. Kisha teueni mtu mmoja wa kamati ambaye DJ atamsikiliza usiku huo, asije kila mwenye suti akampa amri. Asiwe yule binamu anayetembea na flashi mfukoni.