Nitalipa Kesho: Majibu kwa Barua za Wasomaji Kuhusu Kodi, Pango na Madeni Yanayosahaulika

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu kutoka pande mbalimbali za Dar es Salaam hazikuandikwa na watu wasio na fedha. Zimeandikwa na watu waliokuwa nazo siku ya kulipa, wakaahirisha au wakasahau, kisha wakalipa zaidi ya walichodaiwa mwanzo. Nimechagua tano, na majina ya waandishi yamehifadhiwa.

*Ndugu mwandishi, ninauza vitenge na mashuka Kariakoo. Kila mwaka natakiwa kufanya makadirio ya kodi kabla ya Machi kwisha, na kila mwaka nachelewa kwa sababu mzigo wa Idi unakuwa umeingia na fedha yote iko kwenye mali. Awamu nazo hunipita, nikaja kulipa mbili kwa pamoja pamoja na riba. Zaidi ya hayo, mume wangu alifunga karakana yake ya kuchomelea mageti kule Buguruni mwaka juzi, tukaona mambo yamekwisha, lakini sasa anatumiwa ujumbe wa deni la kodi. Tumekosea wapi? – Mama wa Tabata*

Mama, wafanyabiashara wengi huyakimbia makadirio kwa sababu wanayachanganya na malipo. Kufanya makadirio ni kuieleza Mamlaka ya Mapato (TRA) mauzo unayotarajia kwa mwaka ili ujulikane unadaiwa kiasi gani. Kodi yenyewe hulipwa kwa awamu nne, zinazoishia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ni kweli kwamba awamu ya kwanza inaangukia siku ileile ambayo ni mwisho wa kufanya makadirio, na nadhani hapo ndipo hofu inapozaliwa. Hata hivyo, kutofanya makadirio ni kosa moja na kutolipa awamu ni kosa jingine, kila moja na gharama yake. Kwa hiyo anayekwenda kukadiriwa akiwa hana fedha mkononi amekwishajipunguzia kosa moja, wakati anayejificha anayabeba yote mawili, huku riba ya malipo yaliyochelewa ikiongezeka mwezi baada ya mwezi juu ya riba iliyotangulia.

Usisubiri Machi. Makadirio ya mwaka unaofuata kalenda yanaweza kufanywa tangu Januari, wakati mauzo ya Krismasi na mwaka mpya bado hayajageuzwa kuwa mzigo. Iwapo biashara itadorora katikati ya mwaka, unaruhusiwa kuomba makadirio yarekebishwe kabla mwaka haujakwisha, jambo ambalo wengi hawalitumii kwa sababu hawakufanya makadirio yoyote ya kurekebisha. Kuhusu Idi, tarehe yake hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, hivyo mgongano unaoulalamikia utajiondokea wenyewe baada ya miaka michache. Machi 31 haitahama.

Sasa tuitazame hesabu. Tuseme kodi yako ya mwaka ni Sh 240,000. Kila awamu ni Sh 60,000, na ukigawanya kwa siku za kazi za miezi mitatu, unatakiwa kuweka kando chini ya Sh 800 kwa siku. Hakuna muuza vitenge wa Kariakoo anayeshindwa na kiasi hicho. Kinachomshinda ni kukikuta kimejumlishwa. Fedha hiyo iondoke kwenye droo jioni unapofunga hesabu, iingie katika laini au akaunti ambayo hulipii mzigo, kwa sababu ikikaa pamoja na mtaji itanunua mashuka.

Kuhusu mzee wa nyumbani, kufunga mlango wa karakana hakufungi biashara kwenye kumbukumbu za kodi. Mlipakodi anapaswa kuiarifu TRA kwa maandishi kwamba amesitisha biashara, la sivyo mfumo unaendelea kumhesabu kuwa yuko kazini na anadaiwa kama kawaida. Aandike barua wiki hii, aambatanishe uthibitisho wowote alionao, kwa mfano barua ya mwenye fremu au ya serikali ya mtaa inayoonyesha tarehe aliyoondoka, kisha aipeleke mwenyewe katika ofisi aliyosajiliwa na arudi na nakala iliyogongwa muhuri. Kitakachobaki kuwa deni halali anaweza kuomba kukilipa kwa awamu. Maombi ya namna hiyo husikilizwa vizuri zaidi yanapoletwa na mdaiwa mwenyewe kabla hajafuatwa. Na ikiwa alikuwa amesajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, akumbuke kwamba nalo lina ada yake ya kila mwaka.

*Shikamoo, mwandishi. Ninafanya kazi Mwenge na nimepanga Kimara kwa Sh 250,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mshahara unaingia tarehe 25. Kila mara najiambia nitaanza kuweka mwezi ujao, na kila mara kodi inanikuta na kama Sh 500,000 tu, nakopa milioni moja kwa watu wa kausha damu kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Nifanyeje? – Kijana wa Kimara*

Marahaba, mdogo wangu. Mkopo wako unakugharimu Sh 300,000 kila unapouchukua, ukiwa umeulipa ndani ya mwezi mmoja. Kwa kuwa unauchukua mara mbili kwa mwaka, unatoa Sh 600,000, ambazo ni zaidi ya kodi ya miezi miwili. Kwa maneno mengine, unalipia nyumba miezi kumi na minne kwa mwaka. Ufahamu pia kwamba Benki Kuu imewawekea watoa mikopo midogo wenye leseni, wale wasiopokea amana, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayekutoza 30 hayuko katika utaratibu huo, na ndiyo maana hakupi mkataba unaosomeka. Usidhani kwamba utapona kwa kukimbilia programu za mikopo za kwenye simu bila kuangalia nani anazimiliki, kwani Novemba 2024 Benki Kuu iliorodhesha programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila kibali.

Umeniambia kwamba umeweka kikumbusho kwenye simu… hapana, hukuniambia, lakini vijana wengi huniambia hivyo, nami huwauliza kimewekwa tarehe ngapi. Karibu wote hukiweka siku ya kudaiwa, au wiki moja kabla, wakati fedha imekwishatawanyika. Kikumbusho cha kodi ya nyumba kikae tarehe 25, siku fedha inapoingia. Na kwa mtu mwenye mshahara wa benki kama wewe hata kikumbusho si lazima: nenda tawini, ujaze agizo la kudumu ili kila tarehe 26 benki yenyewe ihamishe Sh 250,000 kwenda akaunti nyingine isiyo na kadi. Baadhi ya watu hupeleka fedha hiyo kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako inapata faida kidogo huku ikisubiri, na kule kuchukua siku chache kuitoa ni msaada, maana tamaa ya ghafla ya Ijumaa usiku haiifikii.

Najua utasema mshahara hautoshi kutoa kiasi hicho chote. Lakini kiasi hicho hicho unakitoa sasa, tena na nyongeza. Kigumu ni miezi sita ya kwanza tu, ambamo utalipa deni la nyuma huku ukiweka la mbele. Ndiyo maana ningependa uzungumze na mwenye nyumba mapema, si wiki ya kodi, umwombe akupokelee miezi mitatu mitatu kwa mwaka huu mmoja. Mpangaji asiyemsumbua mtu hukubaliwa mara nyingi kuliko anavyodhani, ila aende na fedha ya miezi mitatu ya kwanza mfukoni, kwani ombi lisiloambatana na fedha ni la kuahirisha kama mengine.

*Kaka, niliuza Noah yangu miaka miwili iliyopita kwa mtu wa Mbezi, tukaandikiana karatasi, akaahidi kubadilisha jina. Hadi leo madeni ya maegesho na faini za barabarani yanasoma kwangu. – Msomaji wa Kigamboni*

Kwa mujibu wa usajili, gari bado ni lako, na mfumo haujui kitu kuhusu karatasi yenu. Mtafute mnunuzi leo, muende mkamilishe uhamisho wa umiliki kupitia TRA pamoja, na ushuru wake ulipwe mbele yako. Akikwepa, peleka nakala ya mkataba na maelezo ya maandishi TRA na polisi ili tarehe ya mauzo ijulikane. Usiyaache madeni yale yakomae mkiwa mnabishana nani alipe, kwa sababu faini ya Sh 30,000 isiyolipwa kwa wakati huongezewa adhabu. Ukiuza gari jingine, bakisha sehemu ya bei hadi kadi itoke kwa jina jipya. Ahadi ya mnunuzi aliyekwisha kupewa funguo haina haraka yoyote. Na anayenunua naye ahakiki bima kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kabla ya kuliwasha.

*Ndugu mwandishi, tumerithi kiwanja chenye hati huko Goba. Ndugu zangu wanasema hatuna haja ya kulipa kitu kwa sababu kodi tunakatwa kwenye LUKU, na kwamba hata kama lipo deni, serikali itatoa msamaha tena. Mimi nina wasiwasi. – Dada wa Sinza*

Wasiwasi wako ni wa haki, dada. Ndugu zako wamechanganya kodi mbili. Inayokatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021 ni kodi ya jengo, ambayo mtu huilipa kidogo kidogo anaponunua umeme. Kodi ya pango la ardhi ni jambo jingine kabisa: hulipwa kila mwaka Wizara ya Ardhi na mwenye hati, awe amejenga au hajajenga, na isipolipwa hukusanya riba. Inafaa kuangalia kwamba sijawahi kupokea barua ya mtu aliyesahau kodi ya jengo, ilhali za waliosahau pango la ardhi zinajaa. Watu wa mji huu ni walewale. Tofauti ni kwamba ile ya kwanza inachukuliwa wakati mtu yuko tayari na fedha mkononi na anataka taa iwake, na ya pili inamsubiri akumbuke.

Suala la msamaha ni zito zaidi, kwa sababu lina ukweli ndani yake na ndiyo maana linawaponza watu. Msamaha wa riba ya pango la ardhi uliwahi kutolewa mwaka 2022, na kabla ya hapo, mwaka 2018, ulitolewa msamaha wa riba na adhabu za kodi za TRA. Lakini katika misamaha hiyo kilichosamehewa ni riba na adhabu. Deni la msingi lilipaswa kulipwa, tena ndani ya muda uliowekwa. Aliyefaidika ni yule aliyekuwa na fedha ya msingi tayari. Aliyekuwa akisubiri tu, bila kuweka chochote, msamaha ulimpita kama tarehe nyingine zote. Zaidi ya hayo, kutolipa pango la ardhi ni kuvunja sharti la hati, na sheria inaruhusu mmiliki apelekwe mbele ya vyombo vya sheria, na hata hati yenyewe kubatilishwa.

Anza kwa kujua kiasi. Piga *152*00# au ingia kwenye mfumo wa wizara, upate kumbukumbu namba ya malipo ya kiwanja hicho kwa jina lililo kwenye hati. Mara nyingi watu huahirisha miaka mitano kwa hofu ya tarakimu ambayo hawajaiona, na wakiiona hukuta ni ndogo kuliko sare za harusi moja ya ukoo. Gawaneni, mmoja alipe na wote mhifadhi nakala ya risiti. Na kama hati bado ina jina la marehemu, shauri la mirathi nalo linawangoja.

*Mwanangu mwandishi, mimi ni mstaafu, nimevuka miaka sabini na kumbukumbu imeanza kunitoka. Mwaka jana nilipitiwa na uhakiki wa wastaafu, ule wa kuthibitisha kwamba tungali hai, pensheni ikasimama kwa muda. Nina akaunti ambazo sikumbuki zote. Binti yangu anasema nimpe simu na namba zangu za siri ili anisimamie. – Mzee wa Mtoni*

Shikamoo, mzee wangu. Binti ana nia njema na msaada wake unahitajika, ila si kwa njia hiyo. Kaeni naye siku moja na daftari, muandike kila mahali palipo na fedha au haki yako: mfuko wa pensheni na namba yako ya uanachama, kila benki na tawi lake, SACCOS, laini za simu zenye salio, hisa au hatifungani kama unazo. Akaunti ambazo hazitumiki zifungwe na salio lihamie moja, kwa kuwa akaunti iliyolala huweza kuzuiwa na kuifufua kunahitaji uende mwenyewe na kitambulisho. Laini ya simu iliyosajiliwa kwenye mfuko wa pensheni isiachwe bila kutumika, kwani kampuni za simu hufunga laini zilizolala, na ujumbe wa uhakiki utatumwa kwenye namba ambayo si yako tena.

Uhakiki uupe tarehe ambayo familia yote inaijua, kwa mfano wiki inayofuata siku yako ya kuzaliwa, na kazi ya binti iwe kukupeleka siku hiyo. Anaweza pia kuandikishwa benki kama mtia saini wa pili, au ukampa uwakilishi kwa hati iliyoandaliwa na wakili, ili anachokifanya kionekane kimefanywa naye kwa idhini yako.

Namba ya siri ibaki kwako. Ukiogopa kuisahau, nenda benki uibadilishe iwe ile ambayo huwezi kuisahau, lakini isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, ambao uko kwenye kitambulisho kilichomo ndani ya pochi hiyohiyo.