Re: Vigae vyekundu au kijivu kwa nyumba ya babu?

Mkuu, kwa paa la nyumba ya zamani pale Tanga, kati ya kijivu cha mkaa na nyekundu ya udongo, mimi nachukua nyekundu. Nyumba nyingi za enzi hizo huko pwani ziliezekwa vigae vya udongo kutoka Mangalore, India, na ukuta wa chokaa nyeupe unaipokea vizuri rangi hiyo. Kijivu kizito kinapendeza kwenye picha, lakini kinameza jua, na joto lake mtalisikia usiku. Omba vigae viwili vitatu dukani, viweke juu ya paa saa sita mchana, uvitazame kutoka ng'ambo ya barabara. Ila kwanza fundi akague kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Kama mchwa wameshapita, vigae vya udongo vitazilemea.