Maswali na Majibu: Je, Fao la Kukosa Ajira Linatosha Kuishi?

Nimepunguzwa kazini baada ya miaka tisa, na nimeambiwa nitalipwa asilimia 60 ya mshahara. Je, mtu anaweza kuishi kwa kiasi hicho?

Pole sana, ndugu yangu. Kabla hujapiga hesabu yoyote, uliza kwanza ni asilimia 60 ya nini. Nchini Ujerumani fao hukokotolewa kutokana na mshahara unaobaki baada ya kodi na makato, nalo ni asilimia 60, au 67 kwa mwenye mtoto. Denmark hulipa hadi asilimia 90, lakini imeweka kikomo cha juu, kwa hiyo kiwango hicho humfaa zaidi aliyekuwa na kipato cha chini, huku mwenye mshahara wa kati akipata sehemu ndogo zaidi ya alichokizoea. Nchini Uingereza fao linalotokana na michango ni kiasi maalumu kwa wiki, ambacho hakitazami kabisa ulikuwa ukilipwa kiasi gani. Asilimia unayotajiwa na fedha itakayoingia mkononi mwako ni mambo mawili tofauti.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, uko nyumbani. Niliwahi kukaa na mama mmoja aliyekuwa ameachishwa kazi, tukaigeuza bahasha ya barua aliyopewa na mwajiri na kuandika matumizi yake nyuma yake kwa penseli. Tuliuchukulia mshahara wake kuwa 100: kodi ya nyumba 35, rejesho la mkopo 15, ada ya shule 10, chakula 25, umeme, maji na simu 8, nauli 7. Fao lake lilikuwa 60. Kodi, mkopo na ada vilipojumlishwa vilifika 60 kamili, na penseli yake ikasimama kwenye neno "chakula". Kitu pekee kilichopungua kwa kukosa kazi kilikuwa nauli, nayo haikuisha, kwa sababu kutafuta kazi nako kunahitaji nauli.

Kwa hiyo ninakujibu bila kuficha: kwa mwenye akiba ya miezi michache na asiye na deni, asilimia 60 inatosha kumvusha, lakini kwa aliyekuwa akiumaliza mshahara kila mwezi haitoshi, hata awe mwangalifu kiasi gani, kwa kuwa sehemu kubwa ya matumizi yake ilikwisha kupangwa na mikataba aliyoitia saini alipokuwa kazini.

Ni nani aliyeamua kwamba nusu ya mshahara ndiyo inayotosha?

Hakuna aliyesema inatosha. Mkataba Namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, uliweka asilimia 45 ya mshahara kuwa kiwango cha chini kabisa kwa mfanyakazi mwenye mwenzi na watoto wawili, na Mkataba Namba 168 wa mwaka 1988 ukakipandisha hadi asilimia 50. Hata sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, ambayo ni miongoni mwa za mwanzo kuwalazimisha wafanyakazi na waajiri wa viwanda fulani kuchangia bima ya kukosa kazi, ilitoa shilingi 7 kwa wiki, kwa wiki zisizozidi 15 katika mwaka, na walioitunga walitarajia fedha hiyo ijazie akiba ya mfanyakazi mwenyewe. Kinachonisikitisha ni kwamba viwango vilivyowekwa ili nchi zisishuke chini yake vimekuja kuzungumzwa kana kwamba ndiyo haki nzima ya mfanyakazi.

Hii ni wiki ya nne tangu niombe na sijalipwa chochote. Je, ni kawaida?

Siku chache za kungoja ni za kawaida. Mikataba niliyoitaja inaruhusu hadi siku 7. Muda huo ukipita bila malipo, una haki ya kuuliza. Peleka ulizo lako kwa maandishi, ubaki na nakala, na uzungumze na mwenye nyumba kabla tarehe ya kodi haijafika, si baada ya kupita.

Jirani yangu husema mafao yakiongezwa watu watabweteka. Ana hoja?

Ana hoja ndogo, na ni haki kuisikiliza: fao linalodumu muda mrefu zaidi kwa kawaida hurefusha kidogo muda wa kutafuta kazi. Lakini tuitazame Marekani mwaka 2020, wakati wa janga la korona, ambapo serikali kuu iliongeza dola 600 kwa wiki juu ya fao la kila jimbo. Kiasi hicho kilikadiriwa ili fao la wastani lilingane na mshahara wa wastani, kwa sababu mifumo mikongwe ya kompyuta ya majimbo isingeweza kumkokotolea kila mtu kiwango chake. Matokeo yake, wengi walilipwa zaidi ya mishahara yao ya zamani. Watafiti waliofuatilia waligundua kwamba athari katika kurudi kazini ilikuwa ndogo. Zaidi ya hayo, mtu anayepewa wiki chache za utulivu anaweza kuingoja kazi inayolingana na ujuzi wake, badala ya kuikubali ya kwanza inayojitokeza kwa sababu ya njaa.

Mimi ni fundi niliyejiajiri. Haya yote yananihusu?

Kwa bahati mbaya, mara nyingi hayakuhusu. Duniani kote, chini ya mmoja kati ya kila watu watano wasio na kazi ndiye anayelipwa fao hili, na waliojiajiri na vibarua ndio wengi wa walioachwa nje, kwa kuwa mifumo mingi ilijengwa kwa ajili ya mwenye mwajiri wa kumkata michango. Uliza kama mfuko wa hifadhi ya jamii unapokea wanachama wa hiari, kisha uliza wazi kama uanachama huo unagusa kukosa kazi au pensheni pekee, maana tofauti hiyo wengi huigundua wakiwa wamechelewa.

Nimepata kibarua cha siku mbili kwa wiki. Nikikifanya nitanyang'anywa fao?

Mifumo mingi huruhusu kipato kidogo na kupunguza fao kwa kadiri fulani badala ya kulifuta, ingawa mingine hulisitisha kwa wiki uliyofanya kazi. Usikifiche. Anayegundulika amenyamaza hudaiwa kurejesha alicholipwa, mara nyingi pamoja na faini, na deni hilo humkuta wakati hana mshahara wa kulilipia. Andika kila siku uliyofanya kazi na kiasi ulicholipwa, toa taarifa kabla ya malipo yanayofuata, na uombe karatasi inayoonyesha jinsi fao lako lilivyokokotolewa upya.