Kwa Mnaoanza Kupima Sukari Ndani ya Maji ya Chumvi

Wadogo zangu mnaoingia maabara hapa Malindi, kabla ya kugusa mizani shikeni hili: mkipima nafasi (ujazo) ambayo sukari huchukua ndani ya maji ya chumvi, kinachobadilika hasa ni hali ya maji. Ayoni ya chumvi, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme, huyavuta maji hadi yakabanana kuizunguka. Glukosi, sukari tunayoanza nayo, nayo huyapenda maji. Viwili hivyo vikikaribiana, sehemu ya maji yaliyobanwa huachiliwa na kutanuka tena. Ndiyo maana moli moja (kipimo cha wingi wa molekuli) ya glukosi, ambayo katika maji matupu ya nyuzi 25 huchukua takriban sentimita za ujazo 112, huchukua zaidi kidogo maji yakiwa na chumvi. Ayoni zenye chaji mbili, kama magnesiamu na kalsiamu, huongeza zaidi kuliko sodiamu. Kalsiamu ina lake jingine: huishika ribosi, sukari nyingine, kwa nguvu kuliko glukosi, kwa jinsi oksijeni za ribosi zilivyojipanga.

Hiyo "zaidi kidogo" ndiyo itakayowatoa jasho, maana ujazo huo mtaupata kwa kupima msongamano wa mmumunyo, yaani uzito wa kila sentimita ya ujazo. Karibu na nyuzi 25, joto likipanda nyuzi 1 tu, msongamano wa maji hushuka kwa takriban gramu 0.00026 kwa kila sentimita ya ujazo, na nyinyi mnatafuta tofauti kwenye desimali ya tano. Wakati wa kaskazi chumba chetu hakikai nyuzi 25 ng'o. Feni haisaidii kitu. Mmumunyo mnaoupima ukae kwenye kifaa chenye kudhibiti joto lake chenyewe, na msisome namba mpaka itulie.

Sasa chumvi. Ile ghafi ya Gongoni, hapo juu tu, ni tamu kwa ng'onda lakini haifai kwa vipimo. Imetoka baharini, kwa hiyo hubaki na magnesiamu, ndiyo maana hulowa yenyewe ndani ya kopo. Tumieni kloridi ya sodiamu safi, ikaushwe kwenye oveni, ipoe ndani ya chombo kilichofungwa.

Kloridi ya magnesiamu ni kesi nyingine, na hapa wageni wengi huangukia. Ile ya chupani huja na molekuli 6 za maji kwa kila moja ya chumvi: zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji! Ukiitia oveni ili uyafukuze, hutoa asidi ya haidrokloriki na kugeuka kitu kingine. Iyeyushe kama ilivyo, kisha utafute kiasi chake halisi kwa kutitreti kloridi kwa nitreti ya fedha, yaani kuitia kidogo kidogo hadi kloridi yote iishe. Maji iliyokuja nayo uyahesabu pamoja na maji yako.

Na hesabu zenu ziwe za moli kwa kilo ya maji, msihesabu kwa lita ya mmumunyo. Lita hubadilika na joto, kilo haibadiliki.

Glukosi ikishayeyuka iacheni ilale hadi asubuhi. Ina maumbo mawili, alfa na beta, yanayogeukiana polepole mpaka yasimame kwenye takriban asilimia 36 na 64. Mwenye haraka hupima kitu kinachobadilika mbele ya macho yake. Sukrosi, sukari ya chai, haina usumbufu huo. Hiyo ipimeni siku ile ile, maana kwa joto letu haichelewi kuchacha.