Kishikwambi cha zamani kinachofunga programu ghafla

SWALI: Ndugu Mhariri, kishikwambi changu cha mwaka 2013 bado kinatunza chaji vizuri, lakini nikifungua kurasa za intaneti zenye picha nyingi, kivinjari hujifunga bila onyo. Je, kimeharibika? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, yaelekea hakijaharibika. Programu inapohitaji RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu huitumia inapofanya kazi) kubwa kuliko iliyopo, mfumo endeshi huifunga kwa nguvu ili kifaa kizima kisikwame, na ndiyo maana mara nyingi huoni ujumbe wowote wa kosa. iPad ya kwanza, iliyotoka mwaka 2010, ilikuwa na RAM ya megabaiti 256 tu, ilhali kurasa za leo, pamoja na matangazo na video zake, hutengenezwa kwa kuzingatia vifaa vyenye uwezo mkubwa zaidi. Kufuta picha husaidia pale tu hifadhi inapokaribia kujaa, kwani hifadhi na RAM ni vitu viwili tofauti.

Kizime kabisa na ukiwashe upya, kisha fungua ukurasa mmoja kwa wakati, na unapotaka kusoma maandishi tu, zima JavaScript (msimbo unaoendesha sehemu za ukurasa zinazobadilika) katika mipangilio ya kivinjari. Ikiwa programu moja tu ndiyo inayosumbua, unaweza kuiondoa na kuisakinisha tena, ila hakikisha kwanza kwamba bado inapatikana kwa toleo la mfumo wako, kwa maana ukishaiondoa huenda usiipate tena. Ninakusihi pia usifanyie shughuli za benki katika kifaa kisichopokea tena masasisho ya usalama. Kwa kusomea vitabu vilivyokwisha kupakuliwa, bado kinafaa sana.