Futeni hiyo kura ya WhatsApp: siri ni ya mpiga kura, hesabu ni ya wote

Mkuu, hilo pendekezo liondoe kabla ya mkutano. Umeandika kwamba kikundi chenu cha kujitolea kina wanachama 64, tisa wako nje ya nchi, mnachagua mwenyekiti, katibu na mhazini. Mwezeshaji wenu amewaambia, "kwa ajili ya uwazi", kura zipigwe ndani ya grupu la WhatsApp, halafu kamati ijifungie, ihakiki na kutangaza washindi. Mambo yote ameyapindua. Kinachopaswa kufichwa amekianika, na kinachopaswa kuanikwa amekifungia ndani.

Nimesimamia chaguzi za vikundi vya namna hii, na sijaona kosa linaloua kikundi haraka kuliko hilo.

Kura ya kawaida ya WhatsApp inaonyesha majina. Yeyote aliyemo kwenye grupu akibonyeza kuangalia kura, anaona nani kamchagua nani. Mtu anaweza pia kuibadilisha kura yake baadaye, na msipozima kitufe cha kuruhusu majibu zaidi ya moja, mwanachama mmoja anawachagua wagombea wote. Lakini hayo ya vitufe ni madogo. Kubwa ni majina.

Watu hudhani kikundi cha kujitolea hakina cha kuogopwa kwa sababu hakuna mshahara. Kipo. Mwenyekiti ndiye anayeandika barua ya utambulisho ambayo kijana ataipeleka kwenye usaili. Ndiye anayepanga nani aende kwenye mafunzo yenye posho. Pengine ofisi mnayotumia ni chumba cha nyumba yake. Yupo shemeji yake, yupo anayedaiwa naye, yupo anayesali naye. Hao wote mnawaambia wambonyeze mpinzani wake huku yeye anatazama kwenye simu. Hawatambonyeza. Watakaothubutu ni wachache, na majina yao yatabaki pale.

Halafu angalia kinachofuata. Wa mwanzo kumi wakishapiga, waliochelewa kufungua simu wanaona upepo unaelekea wapi na kuufuata. Wasiokubaliana hawapigi kabisa, kwa hiyo mnapata mshindi aliyechaguliwa na nusu ya watu, na hiyo nusu nyingine hamjui ilitaka nini. Aliyeshindwa naye ana orodha kamili ya waliomkataa, na wiki inayofuata anatakiwa ashike nao ufagio au agawe nao chakula. Hakuna atakayegombana hadharani. Watu wataacha tu kuja, mmoja baada ya mwingine, na katika kazi ya kujitolea huna mkataba wa kumrudisha mtu.

Kunyoosha mikono ni kosa lilelile. Wakenya walilipata kwa kiwango cha nchi nzima mwaka 1988, chama tawala cha KANU kilipowapanga wanachama mlolongo nyuma ya wagombea kwenye mchujo wa chama, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 akapita bila kura ya siri kupigwa. Mistari mirefu ilionekana kwa macho na bado wagombea wenye mistari mifupi walitangazwa washindi, maana watu wakishatawanyika hakuna karatasi ya kuhesabu upya. Yaani uwazi wenyewe haukumlinda mtu yeyote. Huyo mwezeshaji angelijua hilo. Wanakuja na semina ya siku mbili, wanaandika "uwazi na uwajibikaji" ubaoni, wanachukua posho na kuondoka. Ugomvi mnabaki nao nyinyi. Inanikera sana.

Kanuni ni moja: siri ni ya mpiga kura peke yake. Kamati haina siri yake. Orodha ya wapiga kura, majina ya wagombea, idadi ya karatasi, kuhesabu na matokeo, vyote viwe mbele ya watu.

Kwa watu 64 fanyeni hivi. Funga daftari la wanachama siku 14 kabla na ulitoe kwenye grupu, ili anayelalamika kwamba jina lake limeachwa alalamike sasa. Wagombea wajulikane siku saba kabla. Msimamizi asiwe mgombea wala mke, mume au ndugu wa mgombea. Ombeni mtu wa kikundi cha jirani. Karatasi za kura zitoke kwenye A4 za aina moja, kila cheo na rangi yake, nyuma zigongwe muhuri asubuhi ileile. Chapisheni kwa idadi ya waliofika, pamoja na tano za akiba, na idadi hiyo isomwe kwa sauti. Kalamu iwe moja, ifungwe kwa kamba pale pa kupigia kura. Kila mtu akitumia yake, wino wa kijani wa mwalimu fulani utamtambulisha. Pazia lolote linatosha, hata kanga mbili kwenye kona. Simu zibaki mezani kwa msimamizi, kwa sababu mtu aliyenunuliwa huambiwa apige picha karatasi yake kama ushahidi.

Ndoo ionyeshwe kuwa ni tupu. Mtu aitwe kwa jina, atikiwe kwenye daftari, apewe karatasi, apige, akunje, atumbukize. Mwishoni, kabla ya kufungua karatasi hata moja, zihesabuni zikiwa zimekunjwa. Tiki kwenye daftari ni 52? Basi ndani ya ndoo, kwa kila rangi, karatasi zisizidi 52. Zikizidi hata kwa moja, kura ya cheo hicho inarudiwa palepale. Watu wengi huruka hatua hii, kisha wanagundua ziada wakati tayari wanajua nani kashinda, na hapo hakuna uamuzi utakaoaminika.

Kuhesabu ni mbele ya wote. Mmoja anasoma na kuinua karatasi ionekane, wawili wanapiga vijiti ubaoni, tano tano, kila mmoja ubao wake. Zikitofautiana, mnaanza upya. Tangazeni tarakimu zote, si jina la mshindi tu: kila mgombea kapata ngapi, zilizoharibika ngapi. Wakala wa kila mgombea asaini fomu ya matokeo, ipigwe picha na kutumwa kwenye grupu kabla mtu hajatoka ukumbini. Hapa WhatsApp ina kazi. Kenya mwaka 2022 tume ya uchaguzi ilipoweka kwenye tovuti yake Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, mwananchi yeyote aliweza kupakua na kujumlisha mwenyewe, bila kujua jirani yake alimpigia nani.

Mradi wa Debian, wanaotengeneza programu za kompyuta kwa kujitolea duniani kote, wana kura ya siri kwa kiongozi wao, ilhali kura zao nyingine zilikuwa zikichapishwa na majina. Mwaka 2022, baada ya kura moja yenye mvutano mkali mwaka uliotangulia, waliamua hizo nazo ziwe za siri. Hao wana utamaduni wa uwazi kuliko sisi sote hapa.

Wale tisa wa nje ndio sehemu ngumu. Kwa barua, tumieni bahasha mbili: ya nje ina jina na saini, ya ndani haina alama yoyote. Siku ya uchaguzi mnatiki majina, mnafungua za nje, mnachanganya za ndani kwenye ndoo pamoja na nyingine, na hapo tu ndipo zinafunguliwa. Ikifika moja peke yake, msiihesabu kando, maana mtakuwa mmeshamtaja mwenyewe. Posta ikishindikana, kila mmoja amteue mwanachama aliyeko ukumbini ampigie, kwa maandishi, na mtu mmoja asibebe uwakilishi wa zaidi ya mmoja. Siri ya huyo wa mbali inapungua, lakini anamfunulia mtu aliyemchagua mwenyewe, si grupu zima. Fomu ya Google mnayoifikiria, mwenye fomu anaona matokeo yakiingia na anaweza kuhariri jedwali, kwa hiyo mtakuwa mmerudisha siri mikononi mwa kamati.

Karatasi zilizopigwa zitieni kwenye bahasha, mawakala wasaini juu ya gundi, na msimamizi wa nje akae nazo siku 30. Mwenyekiti mpya asipewe.